Usukani unapiga nikitoka kona: nikaze dampa au nirudishe foki?

kona_kali: Wakuu, habari zenu. Pikipiki yangu ni Yamaha R6 ya 2017, ya mbio tu. Kiwandani mlalo wa foki (pembe ambayo miguu ya mbele inayoshika gurudumu imelala kutoka wima) ni digrii 24, treili (umbali ambao tairi la mbele linagusa ardhi nyuma ya mstari wa usukani) 97 mm. Nimepandisha foki 8 mm kwenye klampu (vibano vinavyozishika) ili pua ishuke. Sasa inaingia kona upesi, ila nikifungua mafuta kutoka kona usukani unapiga kushoto kulia, na nikibana breki kwa nguvu nyuma inayumba. Nikaze dampa ya usukani (kifaa kinachozuia usukani kutikisika)?

Spana12: Hapana mkuu, dampa iache mwisho. Ukiikaza inaficha tatizo tu, na usukani unakuwa mzito kona za polepole. Inua gurudumu la mbele, tikisa foki mbele na nyuma: zikigonga, beringi za usukani zimelegea, anza na hizo. Kisha pima mzamo (springi zinashuka kiasi gani kwa uzito) ukiwa umekaa na mavazi yote ya mbio: mbele 30–35 mm, nyuma 25–30. Pikipiki ikiwa tupu, nyuma izame yenyewe 5–10 mm. Isipozama kabisa, springi ni laini kwa uzito wako na umeikaza kupita kiasi ili ikubebe. Badilisha springi.

8 mm zako zimepunguza mlalo kama digrii 0.3 na treili kama 2 mm. Ni kidogo kwa rula, lakini ukifungua mafuta mbele inakuwa nyepesi, na treili ndiyo inayorudisha tairi kwenye mstari. Rudisha foki hadi 5 mm, zunguka uwanja mara 5 bila kugusa kitu kingine.

mzee_wa_cheni: Na usikimbilie kuinua nyuma ili wepesi urudi. Uzito utapanda juu, na kwenye breki nyuma itazidi kuyumba. Sproketi ya nyuma ina meno mangapi?

kona_kali: 47, ya kiwandani ilikuwa 45. Cheni ileile.

mzee_wa_cheni: Basi umefupisha pikipiki. Kila jino linavuta ekseli mbele karibu 4 mm, kwa hiyo umepoteza 8. Cheni yenye pingili 2 zaidi itarudisha ekseli nyuma 16 mm. Pima kwanza kama nafasi ipo. Itatulia kwenye breki, ila tairi la nyuma litabeba uzito mdogo zaidi, kwa hiyo fungua mafuta kwa upole. Ukishasogeza ekseli pima mzamo wa nyuma upya, maana mkono unaoshika gurudumu la nyuma umerefuka na springi itakuwa kama imelainika.