"Request" bila "for": katibu wa chama anauliza

Mama wa Dunga
Hamjambo. Mimi ni katibu wa chama cha akina mama wauza samaki hapa Dunga, Kisumu. Jana barua yetu ya kuomba mkopo wa friza ilirudishwa ikiwa imejaa kalamu nyekundu. Niliandika "we request for a loan", "for" ikakatwa. "We discussed about the price of mbuta", "about" ikakatwa. Lakini pale chini, "our request for a loan" haikuguswa! Neno si ni lile lile? Nataka kuelewa, si kukariri. Wenzangu 22 wanaitegemea barua hii.

Mwalimu, Kondele
Mama, neno ni moja ila kazi ni mbili. Likiwa kitenzi hulishika jambo moja kwa moja: "request a loan". Likiwa nomino hudai kiungo: "a request for a loan". Hata sisi ni hivyo. "Tunaomba mkopo" haina kitu katikati, lakini "ombi la mkopo" bila "la" haisemeki. "Tunakosa barafu", "ukosefu wa barafu": "we lack ice", "lack of ice".

"Discuss" huwasumbua sana wanafunzi wangu kwa sababu wanaichukua kama "talk". "Talk about" ni sawa kabisa. "Discuss" imekwisha kuimeza "about", kama "kuzungumzia bei" ilivyoimeza "kuhusu" ya "kuzungumza kuhusu bei". Nomino yake ndiyo "discussion about" au "discussion on".

Mkulima wa Njoro
Mwalimu, kipimo hicho hakifiki mbali. Sisi tunasubiri matatu na kusikiliza redio bila kiungo chochote. Waingereza ni "wait for", "listen to". Tena "ask for a loan" inataka "for", na maana ni ile ile ya "request". Mama, kila kitenzi kiandike daftarini pamoja na nomino yake. Langu lina "emphasize" peke yake, kando yake "emphasis on". Na "cope with", bila "up".

Mama wa Dunga
Asanteni sana. Hiyo "kuzungumzia" imenifungua macho, na daftari nimenunua. Sasa: "We lack ice and this affects on our sales." "On" ibaki?

Mwalimu, Kondele
Itoe, mama. Ukiitaka, tumia nomino: "this has an effect on our sales".