Wapenzi wa Liemba na reli ya kati, viambatisho vyenu vya ovyo mtaacha lini?

Wakuu, habari zenu. Wazee wetu, shikamooni.

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Sisi tunaofuatilia historia ya Liemba, ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika, na reli ya kati tunaandikiana barua pepe kila wiki, kuna wa Ujiji, wa Mwanga, wa Tabora, hadi wenzetu walioko Ujerumani. Ni jambo ninalolipenda sana. Lakini barua zenu zimekuwa mateso kuzifungua, na sasa kuna mtu ameumia.

Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli, alipokea barua isiyo na salamu, isiyo na maelezo, mwishoni haina hata jina. Kichwa cha habari kimeandikwa "picha", basi. Kiambatisho kinaitwa Liemba_1927.jpg. Aliyeuchagua mwaka huo alijua anachofanya. Kila mmoja wetu anajua meli ilizamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 kwa jina la Liemba. Nani kati yetu angeiacha picha hiyo? Mzee akabofya.

Nilienda kuangalia kompyuta yake mwenyewe. Jina kamili la faili ni Liemba_1927.jpg.exe. Windows ikiachwa ilivyo huficha zile herufi za mwisho, unaona jpg unaridhika, kumbe unafungua programu. Sasa mafaili yake yote hayafunguki na kuna tangazo linadai pesa. Zimo tiketi na ratiba za treni za zamani alizokuwa akiziskani moja moja, nyingine karatasi zake zilishaliwa na mchwa. Sisi wa Gmail barua hiyo haikutufikia kwa sababu Gmail inakataa faili za .exe. Yeye anatumia huduma nyingine.

Msiniambie "lakini ilitoka kwenye anwani ya mtu tunayemjua". Mei 2000 kirusi cha kompyuta cha ILOVEYOU kilikuja na faili LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, ujanja uleule wa kuficha herufi za mwisho, kikajituma kwa kila aliyemo kwenye kitabu cha anwani cha aliyekifungua. Machi 1999 kirusi kingine, Melissa, kilikuja ndani ya hati ya Word, kikajituma kwa anwani 50 za kwanza. Vyote vilitoka kwa watu wanaojulikana, ndiyo maana vilifunguliwa.

Kinachoniuma ni kwamba barua ile ilifanana kabisa na barua zenu halali! Mtu anataka kusema "Nakubaliana". Anafungua Word, anaandika neno hilo moja, anahifadhi, anaambatisha, na sehemu ya kuandikia barua anaiacha tupu. Mwingine anatuma picha tano za stesheni ya Kigoma jinsi zilivyotoka kwenye kamera, bila kusema ni upande gani wala zimepigwa lini. Mmetuzoesha kufungua vitu tusivyojua ni nini. Kirusi kimepita kwenye mlango mliouacha wazi nyinyi.

Na bando letu je? Kiambatisho kikisafiri kwa barua pepe huongezeka ukubwa kwa karibu theluthi, picha ya MB 5 inakaribia MB 7. Zidisha kwa tano, halafu mkumbuke kuna watu wanasoma kwa kifurushi cha siku. Punguzeni picha hadi upana wa pikseli 1200, inatosha kuona hadi riveti za meli. Anayetaka kubwa ataomba.

Halafu hii ya kunukuu barua nzima, na iliyotangulia, na iliyoitangulia hiyo! Juzi kwenye simu nimeshuka nikipita nembo, sahihi (yale majina na vyeo vya mwisho wa barua), maandishi ya zambarau juu ya njano, mistari ya alama za kunukuu >>>> isiyoisha, chini kabisa nikakuta "Asante sana". Mwongozo wa adabu za mtandao, RFC 1855, ulisema tangu Oktoba 1995 kwamba sahihi isizidi mistari minne. Nukuu sentensi unayoijibu, jibu chini yake, futa mengine. Maandishi matupu yanatosha.

Mimi kuanzia leo kiambatisho kisicho na sentensi mbili za kusema ni nini na kimetoka wapi nakifuta bila kukifungua, awe ametuma nani. Na nawaomba wote mfanye hivyo.

Na wewe uliyeifowadi ile barua kwa wengine ukiuliza "jamani hii ni kweli?" huku kiambatisho bado kimo ndani: waandikie wote uliowatumia, mmoja mmoja, na uandike leo. Ambaye hakujibu mpigie simu.