Brosnan alikosaje nafasi ya James Bond kwenye filamu ya 1987?

Wakuu, NBC (runinga ya Marekani) walishaifuta tamthilia ya Remington Steele mwaka 1986. Kwa nini nyota wake, Pierce Brosnan, hakuwa huru kuigiza Bond?

— Mkuu, kufuta tamthilia hakukuvunja mkataba. NBC walikuwa na siku 60 za kubadili uamuzi. Habari za Bond ziliwarudisha watazamaji, wakaifufua muda ukiyoyoma. Broccoli, mtayarishaji wa filamu za Bond, hakutaka Bond anayeonekana bado kwenye runinga. Timothy Dalton akachukua. Inauma, maana tamthilia ilipofufuliwa vilitengenezwa vipindi vichache tu. Brosnan akasubiri hadi 1995.

— Tom Selleck naye: tamthilia ya Magnum, P.I. ilimkosesha nafasi ya Indiana Jones kwenye filamu, akapewa Harrison Ford. Kabla ya kusaini, angalia kifungu cha kurefusha mkataba: hiari ni ya nani, siku ngapi, na filamu zinaruhusiwa lini.

— Kwa sheria ya California, kikomo cha mikataba ya kazi kama hiyo ni miaka 7.