Naomba ushauri: daftari la ubatizo la kanisa letu

Shalom wapendwa. Mimi ni karani wa kanisa dogo la Methodisti kijijini, Busia upande wa Uganda. Nimepewa kazi ya kuandika historia yetu wazee wakingali hai.

Mwaka 1977, Amin alipopiga marufuku madhehebu mengi, daftari la ubatizo lilifukiwa ndani ya debe chini ya ghala la mtama. Mchwa wamekula kurasa za mwanzo, zilizobaki zimegandana. Nilijaribu kuzianika kivulini, zikakunjamana; ukigusa kwa kidole chenye jasho, wino unatoka. Inaniuma sana, majina ya babu zetu yamo humo.

Naombeni mnisaidie: nizibandueje bila kuzichana? Na wazee wakitaja njaa au mafuriko badala ya mwaka, tarehe mnaipataje?