MJADALA: Sinthesaiza na zeze kwenye albamu moja, fedha za utamaduni ziguswe?

Mtoa hoja: Wakuu, hapa Tabora kuna vijana wanaandaa albamu ya kielektroniki: sinthesaiza (kinanda cha umeme kinachotengeneza sauti) kila wimbo, ila zeze na manyanga yanapigwa kwa mkono. Wameomba fedha za utamaduni, wazee wa ngoma wamekuja juu. Mimi nasema wapewe, kwa sharti moja: mashine ifuate zeze.

Zeze hutyuniwa kwa sauti ya anayeimba siku hiyo. Kinanda kimetoka kiwandani na sauti zake 12, zinazojirudia juu na chini, zimeshapangwa. Prodyuza mvivu atamwambia mpigaji akaze uzi mpaka ulingane na kinanda, wakati kinanda chenyewe kina sehemu ya kupandisha na kushusha tyuni! Halafu ile tik-tik ya kwenye hedifoni, ya kumshikisha mpigaji kasi moja. Manyanga hukolea wachezaji wakipamba moto. Ukiyafunga kwenye kasi moja, umebaki na kelele za vibuyu.

Mzee wa Isevya: Salamu umeruka, haya. Sharti lako atalisimamia nani? Studio inalipiwa kwa saa. Manyanga yatarekodiwa kidogo, yakatwe, kompyuta iyarudierudie hadi mwisho, na mpigaji hatapigiwa simu tena.

Binti Ng'ambo: Shikamoo mzee. Mbona bendi ya Tabora Jazz walipiga mtindo wao wa Segere Matata kwa magitaa ya umeme na leo mnasema ni muziki wetu? Gitaa la umeme lilivuliwa bwawa la Igombe? Hata Kraftwerk wa Ujerumani, wanaojulikana kwa mashine, kwenye albamu yao Autobahn ya 1974 filimbi na gitaa vimo pamoja na sinthesaiza.

Mtoa hoja: Shikamoo mzee, uniwie radhi. Basi mpigaji aandikwe jina kwenye albamu na awe na mgawo kwenye mkataba, siyo hela ya soda. Binti, mfano wako mzuri ila una tundu: filimbi ya Kraftwerk ilipigwa na Florian Schneider, mmoja wa waanzilishi wa bendi. Huku mwenye zeze ni mgeni mwalikwa, na mwenye kompyuta ndiye anayeamua kipi kifutwe.

Mzee wa Isevya: Hapo sasa tunaongea.

Fundi wa studio: Narekodi hayo mambo. Zeze linaingia kwanza, bila tik-tik, maiki karibu na kibuyu. Kinanda kinafuata baadaye kwa mkono. Inawezekana kabisa. Ila inakula siku nzima, na wateja wengi wanalipia saa mbili.