Baada ya mchujo wa chama mlirudianaje? Wana Mombasa, tupeane uzoefu

Mtu wa Tononoka (mleta mada)

Asalaam aleikum, hamjambo wakubwa kwa wadogo. 2027 hiyo yaja, na tangu Raila Odinga, kinara wa ODM, atutoke Oktoba 2025 kila baraza ninalopita, Makadara hadi Kongowea, gumzo ni lile lile: chama kitasimamisha nani au kitamuunga nani, na watakaokosa watakubali? Vijana wanaongea kana kwamba haya yameanza jana.

Wa umri wangu tunaikumbuka 2007. Agosti chama cha ODM-Kenya kikapasuka, Kalonzo Musyoka akabaki na jina, wenzake wakahamia chama kingine, ODM. Tarehe 1 Septemba wajumbe wakakutana Kasarani kuchagua mgombea urais. Kwetu lilikuwa jambo la nyumbani, maana Najib Balala, mbunge wa Mvita wakati huo, naye alikuwa ameutaka. Akajiondoa, akamuunga mkono Raila. Hesabu ikatoka: Raila 2,656, Musalia Mudavadi 391, William Ruto 368. Kipigo hicho kingemfanya mtu aende zake. Lakini Mudavadi akapewa kuwa mgombea mwenza, na wote wakapanda jukwaa moja, ile timu ya vinara iliyoitwa Pentagon, baadaye akaongezeka Charity Ngilu. Mtaani kwetu sikusikia tena mtu akiuliza nani alipata ngapi Kasarani.

Kudumu haikudumu. Mwaka 2012 Mudavadi akatoka, Balala naye akaenda kuanzisha chama chake. Ila kwa uchaguzi ule ilishika, na mie nashikilia kwamba ilishika kwa sababu walioshindwa walipewa kazi. Pole peke yake haimtoi mtu nyumbani kwenda kukuombea kura.

Sasa nataka visa vyenu vya mashinani. Matokeo yametoka, wiki ile iliyofuata mlifanyaje? Kisa kikiwa kichungu chama usikitaje, na majina ya watu yawekeni kando.

Mama wa Mishomoroni

Mie niliongoza akina mama upande wa mgombea wadi aliyeshindwa. Silaha yangu ilikuwa daftari, lile nene lenye jalada gumu, nyumba kwa nyumba: nani ana kitambulisho, nani kajiandikisha kituo kipi, nani mgonjwa atatafutiwa tuktuk. Tukaangushwa usiku, kwa kura za kuhesabu.

Asubuhi niko jikoni nakaanga mahamri ya kuuza, roho imenijaa, nasikia hodi. Ni yule aliyetushinda. Hana vijana, hana gari, kaletwa na bodaboda. Akakalia mbuzi ya kukunia nazi, maana kiti kilikuwa na nguo. Neno "tuungane" hakulitamka. Alichouliza ni, "Bi mkubwa, mawakala wako walikuwa kina nani, na mna deni la nani?"

Deni lilikuwepo, la mahema na viti, na mwenye viti alikuwa ashaanza kunipigia simu kabla ya alfajiri. Akaliandika. Mawakala wangu akawachukua, Agosti wakamsimamia kura zake kwa posho ile ile ya watu wake wa tangu zamani. Hilo la posho ndilo lililonyamazisha maneno, nawaambia. Mtaa wetu haukumtupa.

Kijana wa Mtongwe

Mama una bahati. Kwetu yalikuwa kinyume.

Wenzetu walioshinda walitengeneza jeneza la maboksi, wakalifunika fulana ya mgombea wetu, wakalipakia kwenye tuktuk wakizunguka nalo na kilio cha uongo mpaka mlangoni kwa mamake. Mama mtu mzima, ana presha. Na jamaa mwenyewe alikuwa asharidhika! Ujumbe wa kukubali matokeo alikuwa kauandika kwenye simu, mimi niliusoma, ulikuwa mzuri. Usiku ule akaufuta mbele yetu.

Mchujo ulikuwa Aprili, na Katiba yataka mgombea huru awe hana chama kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ni Agosti, piga hesabu mwenyewe muda uliobaki. Akajiuzulu, akaingia huru. Hakushinda, na wao pia hawakushinda, kiti kikabebwa na chama cha tatu. Wakubwa walikuja kutuhubiria kura ya suti, juu mpaka chini rangi moja. Watu walivaa koti, suruali wakaiacha.

Mpwani Ughaibuni

Niko Marekani miaka mingi, nami nitie langu. 2008 mchujo wa Democratic kati ya Obama na Hillary Clinton ulianza Iowa tarehe 3 Januari, ukaburuta hadi Juni. Kazini kwangu kulikuwa na akina mama wa Hillary walioapa kwamba akikosa wao watampa McCain wa Republican. Walikuwa wanakula meza yao peke yao. Mamangu huko Mji wa Kale naye alikuwa akinipigia kuuliza "yule mwanamke atatoka lini?"

Tarehe 7 Juni akatoka na kumuunga mkono Obama. Lakini kwa wale akina mama kazini kilichowageuza ni Agosti kule Denver: kura za majimbo zikiwa bado zinasomwa, Hillary mwenyewe, akiwa na wajumbe wa New York, akaomba hesabu isimamishwe na Obama apitishwe kwa sauti za wote. Mmoja wao aliniambia, kama yeye mwenyewe kasimama, mimi nani niendelee kununa? Baadaye akawa waziri wa mambo ya nje. Kwa hiyo mleta mada, lako la kazi nalikubali, ila aliyeshindwa naye lazima asimame hadharani kwa mdomo wake.

Leso za Obama zilipoingia Biashara Street mamangu alinunua doti mbili, moja akamtumia mmoja wa wale akina mama. Mama wa watu aliitandika mezani, basi.

Mzee wa Buxton

Mbona hamsemi ya 2022 hapa hapa? Tiketi ya ugavana ya ODM waliitaka Abdulswamad Nassir na Suleiman Shahbal. Shahbal alikuwa kashawania 2013 kwa chama cha Wiper na 2017 kwa Jubilee, safari hii kaingia ODM, mji mzima ukajua mchujo utawaka moto. Aprili Raila akawakalisha, Shahbal akamwachia mwenzake, mchujo wao haukupigwa. Hata uchaguzi wenyewe wa gavana, Agosti, ulisukumwa hadi tarehe 29 kwa sababu ya karatasi za kura zilizochanganywa, na bado kambi ile haikupasuka. Abdulswamad akashinda. Novemba Shahbal akachaguliwa kuwa mbunge wa Afrika Mashariki.

Mie sikuwa kambi yoyote. Lakini jirani yangu aliyebandika mabango usiku na mchana alijua kwa redio kwamba mtu wake kajiondoa, gundi bado iko mkononi. Wakubwa wakikubaliana chumbani, nani anamwambia mbandika mabango?

Sina Upande

Naona wote mnaimba umoja. Na ukiibiwa je? Sisi kituo chetu masanduku yalifika magharibi, kura zikapigwa kwa tochi za simu, na cheti akapewa mtu ambaye hata kwenye fomu za vituo hakuongoza. Tukaenda kwenye jopo la mizozo ya vyama, siku zikaisha tukiwa bado tunatafuta nakala za fomu. Halafu tunaitwa hotelini, chai na sambusa, "tusameheane kwa ajili ya chama." Mimi sikuungana na sijuti. Aliyeshinda kwa haki ana haki ya kuniomba umoja. Huyo mwengine aniombe radhi kwanza.

Mtu wa Tononoka

@Sina Upande, hapo sina la kukujibu. Kasarani walihesabu mbele ya watu, ndiyo maana waliobaki nyuma kwa kura elfu mbili na zaidi hawakuwa na pa kushika. Sikuliweka hilo mwanzoni na ni kubwa kuliko yote niliyoyasema.

Dada wa Likoni

Kwetu nyumba moja, kaka wawili, wagombea wawili. Walinuniana, kila mtu na sinia lake, mpaka Ramadhani ilipoingia. Mama akapakua futari sinia moja tu, hakusema kitu. Walikula. Kura yao ya Agosti siijui na siulizi.

Kijana wa Mtongwe

Mama wa Mishomoroni, hebu tuambie ukweli. Lile deni la mahema alilipa?

Mama wa Mishomoroni

Alilipa nusu, kabla ya Agosti. Nusu ya pili ananiambia "bi mkubwa nakuja" tangu alipoapishwa. Risiti ninayo, iko ndani ya daftari, ukurasa wa mawakala. Na daftari lenyewe analihitaji 2027.