MJADALA: Ufaransa inawalipa wakulima wang'oe mizabibu, huu ni msaada au ni kuzika vijiji?

Mleta mada:
Wakuu habari za wikiendi, hii tuijadili bila matusi. Kule Bordeaux mwaka 2023 serikali pamoja na CIVB, chombo cha wadau wa mvinyo wa kule, walikuja na mpango wa kumlipa mkulima euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu anayong'oa, na lengo lilikuwa hekta kama 9,500. Sio kupogolea jamani, ni kung'oa, mtambo unaingia unafukua visiki, waya na nguzo zinatolewa, halafu ardhi inaachwa ipumzike miaka 20 au ipandwe msitu wa miaka 30. Kinachonichanganya, ukivuka tu mto Dordogne uko Saint-Émilion, kijiji cha mawe chenye kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, na mashamba yake pamoja na ya vijiji saba jirani yaliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1999, tena ilikuwa mandhari ya kwanza ya mizabibu kuingia orodha ile. Yaani upande huu wa mto mzabibu ni urithi wa wanadamu wote, upande ule wa Entre-deux-Mers mzabibu ule ule unalipiwa ufe.
Mimi nasema mzee aliyechoka apewe hela yake na mapema, ila wamekosea kuweka hela ya kutoka bila hela ya maana ya kumuingiza kijana.

Mchangiaji 1:
Urithi gani mkuu? Karne ya 19 mdudu filoksera alimaliza mizabibu yao, wakapandikiza upya juu ya mashina ya Kimarekani yanayomhimili mdudu huyo. Halafu Februari 1956 baridi kali ikaua tena mashamba mengi, wakapanda tena. Hata hiyo Entre-deux-Mers unayoililia ilikuwa inajulikana kwa mvinyo mweupe, wengi wakahamia mwekundu kwa sababu ndio ulikuwa unalipa, sasa haulipi basi. 1960 Mfaransa alikuwa anakunywa lita 120 hivi kwa mwaka, leo ni kama 40, na Mchina naye aliyekuwa ananunua kwa fujo kapunguza. Unataka walime wamuuzie nani?

Mchangiaji 2:
Niko Gironde, yaani huko huko kwenye mkoa wa Bordeaux, nafanya kibarua cha mizabibu kila winta, ngoja niongee ya huku. Januari tunapogolea, kila shina unaacha matawi mawili, moja kushoto moja kulia, unayakunja taratibu unayafunga kwenye waya, ukikunja vibaya linakatika na mavuno ya upande ule yameenda. Matawi yaliyokatwa watu wanachomea nyama, hiyo steki ya Bordeaux mnayoisikia asili yake ndio hapo.
Sasa mnaosema mkulima akishindwa aache tu shamba, hamjui mnachosema. Kuna ugonjwa unaitwa flavescence dorée, unaenezwa na kadudu kanakoruka, majani ya zabibu nyekundu yanageuka damu ya mzee na kujikunja, matawi hayakomai yananing'inia tu. Shamba likiachwa bila kupuliziwa dawa linakuwa kiwanda cha hako kadudu na jirani aliyejitahidi ndio anaumia, maana shina zilizoathirika zikizidi asilimia 20 sheria inamtaka ang'oe shamba zima. Kwa hiyo mimi kung'oa naunga mkono, na ndio sababu mpango wenyewe ulipitishwa kwa hoja ya afya ya mimea.

Mchangiaji 3:
Mnazunguka, shida ni bei. Mvinyo wa kawaida huko unauzwa kwa tonneau, ujazo wa lita 900, na umekuwa ukienda chini ya euro elfu moja, haurudishi hata gharama, wakati hekta moja pale Pomerol, jirani na Saint-Émilion kwenye mvinyo wa majina makubwa, inazidi euro milioni moja na wanunuzi ni mabenki na makampuni ya bima. Hao wa Pomerol mbona hawang'oi? Anayeng'oa ni mwenye jina dogo.

Mchangiaji 1:
Sasa hapo si umekubaliana na mimi? Jina dogo, bei ndogo, afanye kitu kingine.

Mleta mada:
@Mchangiaji 2 nimekuelewa, shamba lililoachwa ni hatari na hapo sina ubishi. @Mchangiaji 1 historia yako iko sawa ila angalia kitu kimoja, 1956 walipanda tena kwa sababu mtu wa kupanda alikuwepo, aliyejua kupandikiza, kupogolea, kusoma udongo, na mtoto wake alikuwa shambani naye. Ukimpa baba euro 6,000 kwa hekta na haki ya kupanda ikapotea, mtoto anaenda mjini, ile kazi ya mikono aliyoieleza mwenzetu wa Gironde nani ataifanya bei ikirudi? Najua mkoa uliweka fungu la wanaotaka kubadilisha zao, wapande mizeituni na vitu kama hivyo, sawa, lakini mzeituni unachukua miaka kadhaa kuzaa na mkopo wa benki hausubiri.
Kwa hiyo swali langu libaki hapo hapo, wanaosema wang'oe, mngekubali nusu ya hela ile iende kwa kijana anayepokea shamba dogo na kulipunguza, abaki na hekta tano nzuri badala ya ishirini za hasara? Mchangiaji 2 wewe uko huko, hao vijana unaopogolea nao wangebaki?

Mchangiaji 2:
Wawili watatu wangebaki. Wengi ni vibarua kama mimi, Wamoroko, Waromania, shamba hawana na benki haiwajui. Hao nao muwaweke kwenye hesabu.